Kipande Kimoja Pungufu

Duka la Mikate,
Chumba cha Nyuma.
Jumatatu, tarehe 6 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Wino,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeipokea kabla hujaitoa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha wawili wameshaota meno, au bado wanakutafuna vidole kwa ufizi? Kifua chako je, kile cha kubana kila baridi ikishuka? Usiniandikie tena kwamba ni mafua tu. Mafua gani ya miaka mitatu?

Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mama magoti ni yaleyale, akikaa kuinuka ni kazi, lakini sauti anayo, na akikuita toka chumbani utadhani nyumba inaungua. Shemeji yako anakoroma vizuri, na hiyo ndiyo dalili yake ya afya. Tanuri nalo halijambo, lina afya kuliko sisi sote.

Sasa kaa kitako. Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo ya khaki, imefungwa, ina madoa ya unga. Usiifungue kwanza. Nisome mimi mpaka mwisho ndipo uifungue, au uichome, utakavyoona. Imeandikwa na Mzee Funguo. Anataka umsamehe. Imekaa kwangu tangu mwezi wa tatu, nimeificha chini ya pipa la unga kwa makusudi mazima, huku nikijua ni ya kwako.

Ndiyo, Mzee Funguo yuleyule. Mtunza stoo wa shule, mwenye rundo la funguo kiunoni kama mlinzi wa jela. Rafiki wa baba, ambaye mimi na wewe tulimwita Baba Mdogo na kumbebea maji. Yule aliyesimama mbele ya kamati, akainua Biblia juu, akaapa kwamba alikuona kwa macho yake mawili ukiingiza karatasi za mtihani ndani ya shati lako pale kwenye chumba cha kuchapia.

Basi alikuja dukani Alhamisi moja, mwisho wa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Nimezama kwenye unga mpaka viwiko. Akasimama mbele ya meza ya kuuzia, kofia mkononi, akasema, "Binti yangu, nimekuja na dhambi." Nikamwambia dhambi hatuuzi, mikate ipo. Hakucheka. Akaanza kueleza palepale, amesimama, machozi yanamdondoka juu ya kioo cha kabati langu.

Ni yeye, Wino. Karatasi aliichomoa mwenyewe kwenye mashine yako ya kuchapia mitihani ulipokwenda kunawa mikono, akampelekea binti yake aliyekuwa ameshafeli mara mbili. Binti akaionyesha kwa mashoga zake, mashoga wakaionyesha kwa mashoga zao, na mambo yakavuja. Walioruhusiwa kuingia chumba kile ni watu wawili tu, wewe na yeye. Akaona achague mmoja, akakuchagua wewe. Na unajua binti mwenyewe alipata nini? Alifeli! Karatasi anayo mkononi, maswali anayajua, na bado akafeli! Nilipolisikia hilo nilicheka mpaka nikashika ubavu, halafu nikalia, halafu nikaushika ule mti wa kusukumia unga, na Mungu ndiye aliyenizuia.

Nikamuuliza kwa nini leo, baada ya miaka kumi na moja. Akasema mkewe alipokuwa anakata roho mwaka jana alimwambia, "Usinifuate kule na uongo ule." Kumbe na mkewe alijua! Mama yule aliyekuja msibani kwetu baba alipofariki, akakoroga uji, akatufariji, na alijua kwamba baba anazikwa huku kainamisha kichwa kwa kosa la mtu mwingine. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na kona nyingi kweli.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akarudia yote mbele ya watu. Mchungaji tuliye naye sasa ni kijana, ana masharti yake. Akasema Mungu humpokea atubuye, hilo halina mjadala, lakini kuna mtu alijeruhiwa na mtu huyo ana neno lake. Mpaka ndugu yule apelekewe habari na ajibu, Mzee Funguo asije kwenye meza ya Bwana. Uzee wa kanisa akavuliwa, akaambiwa akae benchi la nyuma. Naye akaandika barua, mchungaji akanikabidhi mimi, kwa kuwa anwani yako ninayo mimi peke yangu, na simu uliizima tangu zile siku za kupigiwa na kutukanwa.

Umeona walichonipa mkononi? Walinipa kufuli na ufunguo wake. Mimi! Wangempa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani naruka. Nikakumbuka mchumba wako wa wakati ule, alivyorudisha pete ndani ya bahasha bila hata mstari mmoja. Nikakumbuka watoto wa mtaani walivyonifuata nikienda kisimani wakiimba "mvujishaji, mvujishaji." Nikakumbuka wewe ukiwa na begi moja, vidole bado vyeusi kwa wino, unaondoka asubuhi na mvua. Nikasema, aha, leo zamu yenu. Nikaisukuma ile barua chini ya pipa la unga, nikalirudisha pipa juu yake. Mchungaji akiniuliza kila mwezi, "Dada, ndugu yetu amejibu?" namjibu, "Bado, mchungaji." Na kweli hukuwa umejibu! Utajibuje barua ambayo hujaipata?

Sasa nikueleze nilivyokuwa nikistarehe, maana sitaki kukuficha kitu. Unakumbuka mkate wa meza ya Bwana naoka mimi, tangu baba aliponiachia tanuri. Desturi ni ileile ya zamani: mkate wa meza haubaki wala haupungui. Alhamisi kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, anayetaka kushiriki anakwenda kwa karani wa kanisa anaandikwa. Jumamosi karani ananiletea kikaratasi chenye namba, namba tu, bila majina. Wakijiandikisha themanini na mbili, nakata vipande themanini na viwili, natandaza kwenye trei na kufunika kitambaa cheupe. Trei inaanza kwa wanaume kutoka mbele kwenda nyuma, kisha inahamia kwa wanawake, mbele kwenda nyuma, na mtu wa mwisho anachukua kipande cha mwisho.

Mimi nakaa benchi la kwanza, karibu na meza. Na kila Jumapili ya kwanza, trei ikifika nyuma kwa wanaume, nilikuwa nageuza shingo. Sikujali wanaonionaje. Nilimwangalia Mzee Funguo amekaa mwisho, mikono imelala mapajani, trei inampita kama haipo. Midomo inamtetemeka. Wino, sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Nikishashiba kumwangalia, nageuka mbele, nafumba macho na kujifanya naomba, nimetulia kama malaika wa kwenye kalenda. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Kila mwezi nilijiambia malipo ni hapa hapa duniani, na mimi ndiye ninayelipa.

Ile sala ya Bwana ndiyo ilinipa shida kidogo. Pale panapoombwa tusamehewe kama sisi tunavyowasamehe, nilikuwa nakohoa. Kikohozi kifupi tu, halafu nawakuta wenzangu mbele kwenye majaribu. Shemeji yako akaanza kuniuliza mbona kikohozi changu kinakuja kwa ratiba. Nikamwambia aangalie kikohozi chake.

Na bado sikuridhika. Tangu ule mwezi wa nne niliogopa kwamba mchungaji atalegea. Kijana yule ana huruma, na Mzee Funguo alikuwa ameanza kukonda, kila Alhamisi anakuja kufagia kanisa bila kuambiwa na mtu. Na karani ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nikajiambia, huyu karani lazima anamwacha rafiki yake kwenye orodha kila mwezi, akingoja siku mchungaji atakapomwonea huruma ghafla. Basi mimi nikaweka dawa yake. Kikaratasi kikisema themanini na mbili, nakata themanini na kimoja. Kikisema sabini na tisa, nakata sabini na vinane. Siku mchungaji akilegea, nilisema, wakamnyoshee trei mwishoni baada ya watu wote, aingize mkono wake ule wa kuapia, akute kitambaa kitupu. Mara saba nimefanya hivyo, mdogo wangu, nikiwa nimesimama hapahapa ninapokuandikia, na kisu cha meno mkononi, naimba wimbo wa kanisa.

Jana ndiyo ilikuwa mara ya saba.

Jana wanaume walishapita, nimeshamwangalia mtu wangu, nimeshiba, nimegeuka mbele na kufumba macho. Mara nasikia viatu. Mtu anatembea katikati ya kanisa, taratibu, anakuja mbele. Kufumbua macho, Mzee Funguo! Damu ikanipanda. Nikasema huyu leo ameamua, anakuja kuuchukua mkate kwa nguvu. Nikainuka, nikasimama mbele ya meza ya Bwana, mikono kiunoni kama niko sokoni, nikapaza sauti kanisa zima linasikia, "Rudi ukae chini, mwongo wewe! Hakuna chako hapa!"

Akasimama. Akamgeukia mchungaji. Akasema, "Si kwa ajili yangu. Yule mama pale nyuma hajapata mkate. Na si leo tu. Huu ni mwezi wa saba mfululizo trei inamfikia tupu. Nilikuwa nasema labda hakujiandikisha, lakini Alhamisi nikifagia namwona kwa macho yangu, anakuja na fimbo yake mpaka kwa karani."

Kanisa zima likageuka nyuma, na mimi nikageuka.

Ni Mama, Wino. Mama yetu, pale benchi la mwisho karibu na mlango anapokaa kwa ajili ya magoti. Mkono bado ameunyosha nusu. Mzee wa kanisa anayepitisha trei amesimama mbele yake, trei imeinama, kitambaa tu. Akajitetea kwamba alidhani Mama hakujiandikisha, kwa kuwa tangu zamani trei ikiisha, basi waliojiandikisha wote wamepata. Na kweli, desturi ndivyo ilivyo. Nani angefikiri kwamba mwokaji ni mwizi?

Nikakimbilia kwa karani kwenye kiti chake, nikamuuliza kwa kunong'ona uliandika wangapi. Akasema themanini. Nikamuuliza pamoja na Mzee Funguo? Akanishangaa. "Dada, yeye nilimwondoa tangu siku ya kwanza. Mchungaji si alisema?"

Karani alikuwa mwaminifu. Alimtoa mara moja, na mimi nikamtoa mara ya pili, na ile mara ya pili hakutoka yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mdogo wangu. Nimeusema msemo huo miaka yote bila kujua maana yake.

Mchungaji akakimega kipande chake mwenyewe, akampelekea Mama. Mama akakirudisha. Akatikisa kichwa tu, akachukua fimbo yake na kutoka nje.

Nilimfuata nyumbani. Nilimkuta amekaa kitandani na nguo zake za kanisani, viatu hajavua. Nilijua nitakuta hasira, nikawa nimejiandaa kwa hasira. Hakuwa na hasira. Akasema, "Usimlaumu mtu. Mungu ameniona."

Sasa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu aliniamuru. Alisema siku ile Mzee Funguo alipoapa na Biblia, yeye alimwamini. Kwa watu alikutetea, aligombana na majirani, unakumbuka alivyomrushia ndoo yule mama wa jirani. Lakini moyoni aliamini. Alisema, "Nilijiambia, mtu hawezi kuishika Biblia akaongopa, basi mwanangu amefanya." Miaka kumi na moja hakumwambia mtu, hata baba. Mzee Funguo alipotubu mwezi wa tatu, watu wote walifurahi kwamba jina lako limesafishwa, yeye akaenda kulala. Trei ilipomfikia tupu mara ya kwanza, alisema bahati mbaya. Ya pili akasema hili ni jibu. Tangu hapo alikuwa anajiandikisha kila Alhamisi na anakwenda kila Jumapili ya kwanza, ananyosha mkono, kuona kama Mungu bado amekasirika. Na kila mara alikuta amekasirika.

Na unakumbuka asubuhi ile ya mvua uliyoondoka, Mama hakutoka mlangoni kukuaga, akasema mguu unamuuma? Amesema nikuambie. Mguu haukuwa unauma.

Nilipiga magoti palepale kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mama, si Mungu. Ni mimi na kisu changu." Nikamweleza yote, barua, pipa, vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanipiga na fimbo, na ningeshukuru. Akaniuliza, "Ulikuwa unamkatia nani?" Nikasema Mzee Funguo. Akasema, "Yule ndiye aliyeniona." Akavua viatu, akalala, akageukia ukutani.

Jioni ndiyo akaniita. Akasema, "Mwandikie. Usipunguze hata neno moja. Na yangu umwandikie."

Kwa hiyo naandika.

Wino, nisikudanganye, maana uongo umeshatutosha katika familia hii. Mimi bado namchukia Mzee Funguo. Leo alfajiri nimejaribu kumsamehe wakati nakanda unga. Nilifika nusu ya maombi, nikaikumbuka ile pete kwenye bahasha, nikaupiga unga ngumi mpaka shemeji yako akaja kuuliza kama kuna mwizi. Hasira haijatoka. Na sasa nina hasira mbili, kwa sababu mtu niliyetaka aaibike ndiye aliyeinuka kumtetea Mama yangu, na mimi binti yake nilikuwa nimefumba macho. Hata hilo ameniibia!

Lakini kuna jambo linanikera kuliko yote. Yeye alichukua Biblia akakuumiza nayo. Mimi nikachukua mkate wa Bwana nimuumize nao, ukampata Mama. Natafuta tofauti yetu tangu jana na sijaiona. Nilijiambia yeye alifanya kwa woga na mimi kwa haki. Nikajibu mwenyewe, haki gani inayofichwa chini ya pipa? Na zaidi ya hapo mimi nilikuwa nakula. Mara saba nilichukua kipande changu, cha kwanza kabisa kwa upande wa wanawake, nikatafuna na kumeza. Yule mwenye dhambi aliyejulikana na kanisa zima alikaa na njaa yake kwa adabu.

Mchungaji amekuja dukani leo saa tatu, nami nikamweleza. Nilitaka anikemee. Amejikuna kichwa, akakaa juu ya gunia la unga na suruali yake nyeusi. Amesema msamaha wa Mungu haungoji saini ya mwanadamu, halafu akasema lakini yeye ndiye aliyemwambia mzee wa watu angoje saini, na hajui kama alifanya vema. Amesema dhambi ikishasemwa kwa Mungu, bado inabidi mtu amwendee yule aliyemkosea, hilo halifutiki, ila wewe usilazimishwe. Ukisema hapana, ni neno lako. Akainuka, makalio yote meupe kwa unga, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumwambia.

Basi sasa wanaongoja neno lako ni watatu. Mzee Funguo, kwa kiapo chake. Mama, kwa mguu ambao haukuuma. Na mimi, kwa barua yako niliyoilalia miezi sita na mkate nilioupunguza. Mama amesema hatajiandikisha tena mpaka ujibu. Mimi nami sitajiandikisha, na nimemwambia karani hivyo. Usinionee haya kwa kuwa mimi ni dada yako mkubwa. Ukinikasirikia, andika. Ukitaka kumsamehe Mama na kuwaacha wawili, andika. Ukitusamehe sisi ukamwacha yeye, andika pia, na sitakuficha, sehemu fulani ya moyo wangu itacheza ngoma. Ila safari hii nitamsomea mwenyewe, mbele ya macho yake, hata likiwa neno la kumfurahisha. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipangia.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kile kitambaa alichonitumia ndicho kinachofunika trei. Wabusu mapacha, kila mmoja mara yake, wasije wakagombana. Shemeji yako anakusalimia na anasema wewe ndiye mwenye akili pekee katika ukoo huu kwa kuwa ulihama. Shangazi wa kule bondeni naye anauliza utakuja lini. Mama hakutuma salamu. Nilimuuliza, akasema atatuma akishajua kama zitapokewa.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akifungue kifua chako, na akuepushe na watu wenye viapo na watu wenye visu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ni tarehe mbili. Karani ataniletea kikaratasi Jumamosi, na sisi watatu hatumo. Pembeni ya namba yake nimemwomba aniachie nafasi. Niandikie, mdogo wangu, nikate vipande vingapi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama utanijibu hapana,

Mwokaji.